Bolti ya usukani wa Benz imegoma: je, nitumie moto?

*"Shikamoo Mwalimu. Nina Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1989, ile ya umbo la W124, niliyoachiwa na marehemu mjomba wangu hapa Tanga. Mkono wa indiketa umechoka: nikiwasha kwenda kulia haushiki, mpaka niushikilie kwa kidole hadi nimalize kona. Nimenunua swichi nyingine iliyotumika, nikaambiwa ni lazima usukani utolewe kwanza. Kifuniko cha honi kimetoka bila shida, nikakuta bolti moja katikati yenye tundu la pembe sita. Nimeimwagia mafuta ya kulegeza kutu siku tatu mfululizo. Jana nilichomoa ufunguo ili usukani ujifunge, nikatia alenki (spana ya pembe sita) ya milimita 10, nikaongezea bomba la maji la urefu wa mita moja, nikavuta kwa uzito wangu wote. Nikasikia 'tak', lakini bolti haikusogea hata kidogo, nikaacha. Fundi wa jirani anasema hesi za Benz, ile mikato ya kuzunguka ya bolti, ni za kinyume, na kwamba dawa ya bolti hii ni kuichoma kwa gesi kisha kugonga kwa nyundo. Naogopa kuliharibu gari la mjomba. Nifanye nini?"*

Marahaba, ndugu yangu. Uliposikia mlio ule ukaacha, ulifanya jambo la busara kuliko yote uliyoyaeleza, kwa kuwa watu wengi wakisikia mlio hudhani bolti imeanza kuachia na huongeza nguvu. Barua yako ina maswali mawili. Umeuliza jinsi ya kuitoa bolti, nami nitakujibu kwa kirefu. Lakini lipo swali ambalo hukuliuliza, la nini hasa kililia "tak", na hilo ndilo la kushughulikia kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine chochote kwenye gari hilo.

Unapochomoa ufunguo, kipande kidogo cha chuma hutokeza kutoka kwenye swichi ya kuwashia na kuingia katika pengo lililochongwa kwenye shafti ya usukani. Kazi yake ni kumzuia mwizi asiweze kuongoza gari, basi. Tuhesabu nguvu uliyoipeleka pale. Mtu wa kilo 70 akining'inia kwenye ncha ya bomba la mita moja hutoa takriban nyutonimita 700 (kipimo cha nguvu ya kugeuza), wakati kiwandani bolti hiyo hukazwa kwa nyutonimita 80. Ulipeleka karibu mara 9 ya nguvu iliyotumika kuikaza, na kwa kuwa bolti haikugeuka, nguvu yote hiyo iliteremka kwenye shafti na kuishia kwenye kipande kile kidogo. Inawezekana mlio ulikuwa ni alenki kuruka pembe moja ndani ya tundu, au bomba kuteleza juu ya alenki, na ninaomba iwe hivyo. Lakini inawezekana pia ni kufuli la usukani lililopinda au kupasuka.

Kwa hiyo, ingiza ufunguo, uchezeshe usukani polepole kushoto na kulia huku ukiugeuza ufunguo, usikilize kwa vidole. Rudia kufunga na kufungua mara 10. Ukikuta ufunguo unageuka laini kama zamani, na usukani unafunga na kufunguka bila kukwaruza, kufuli lako limesalimika. Ukikuta unakwama, unasaga, au unahitaji kuulazimisha, basi uache ufunguo ukiwa umegeuzwa hatua ya kwanza, usiurudishe sifuri, yaani pale unapochomolewa, na umwite fundi anayezifahamu swichi za kuwashia za Mercedes. Sababu ni kwamba kwenye W124 silinda ya ufunguo hutolewa tu ufunguo ukiwa kwenye hatua ya kwanza. Ikikwama kwenye sifuri, kazi ya nusu saa hugeuka kuwa kazi ya kutoboa chuma kigumu gari likiwa haliendi popote. Na usiliendeshe gari hilo mpaka ujue hali ya kufuli, kwa sababu kipande kilichovunjika kinaweza kujisukuma kwenye shafti gari likiwa kwenye mwendo, na dereva akajikuta ameshika usukani usiogeuka. Nimewahi kuona kufuli lililovunjwa hivyo hivyo, kwa bomba kama lako, katika gereji niliyokuwa najifunza kazi. Mwenye gari aliambiwa tu kwamba swichi ilikuwa imechoka. Sikufurahia kunyamaza siku ile, na ndiyo maana leo nakueleza kwa maneno mengi.

Sasa tuje kwenye bolti yenyewe.

Hesi zake si za kinyume. Ni hesi za kawaida: unalegeza kwa kugeuza kinyume cha mwendo wa mshale wa saa, ukiwa umeketi kwenye kiti cha dereva na kuitazama. Kama ulivuta upande huo jana, ulikuwa sahihi. Dhana ya hesi za kinyume huzaliwa hivi: mtu anajaribu upande sahihi, bolti inagoma, anahitimisha kwamba upande si wenyewe, kisha anaikaza zaidi kwa nguvu zake zote. Kama fundi wa jirani aliijaribu kwa imani hiyo kabla yako, huenda sasa imekazwa kuliko ilivyotoka kiwandani.

Wala haijashikwa na kutu, au kama imeshikwa ni kidogo sana. Naelewa kwa nini umedhani hivyo. Mtu anayeishi Tanga huona hewa ya chumvi inavyokula bolti za ekzosi na za shokomzoba, na akili humwambia kila bolti inayogoma ina ugonjwa ule ule. Lakini hii inaishi ndani ya gari, chini ya kifuniko cha honi, mahali ambapo mvua wala tope havifiki. Itupie macho kwa tochi: kichwa chake, baada ya zaidi ya miaka 30, mara nyingi bado kina rangi yake. Kinachoishika ni mambo mawili yaliyowekwa hapo kwa makusudi. La kwanza ni mkazo. Bolti ikikazwa hunyooka kidogo sana, kama mpira unaovutwa, na hamu yake ya kurudi kwenye urefu wake ndiyo inayoubana usukani kwenye meno ya shafti. Hamu hiyo hiyo huzaa msuguano chini ya kichwa na kwenye hesi. La pili ni gundi. Mercedes huitoa bolti hii kiwandani ikiwa imekwisha kupakwa gundi ya kufungia hesi, ambayo huganda bolti inapokazwa na kuzijaza nafasi zote ndogo kati ya hesi za bolti na hesi za shafti. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu nzuri, kwani hii ndiyo bolti moja pekee inayoushika usukani mikononi mwako.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini mafuta yako ya siku tatu hayakusaidia. Mafuta ya kulegeza kutu hufanya kazi kwa kupenya kwenye vitundu vya kutu. Hapa hakuna kutu ya kupenya, na nafasi ambayo yangepitia imejazwa gundi iliyoganda. Yaliyobaki yameteremka nyuma ya usukani, kwenye pete ya shaba inayopeleka umeme wa honi na pengine kwenye swichi. Yafute sasa kwa kitambaa kikavu, na usiongeze mengine.

Gundi hiyo haiogopi mafuta, bali inaogopa joto. Nyingi za aina hii huanza kulegea zinapozidi nyuzijoto 150 hivi, na zile kali zaidi huhitaji kukaribia 250. Fundi wa jirani, kwa hiyo, hakukosea alipotaja joto. Amekosea chombo cha kulileta. Moto wa oksijeni na asetilini hupita nyuzijoto 3000. Hauwezi kuchagua kupasha bolti peke yake: utayeyusha plastiki ya usukani, pete ya honi, nyaya, na swichi ile ile unayotaka kuihudumia, na ukizidi kidogo utaulainisha ugumu wa chuma cha shafti, kosa ambalo hutaliona kwa macho. Ndani ya gari lenye vitambaa na sponji za miaka 30 na zaidi, moto huo ni hatari kwa maisha pia.

Kuhusu nyundo, naomba usikubali kabisa. Shafti ya usukani wa gari hili haikutengenezwa iwe fimbo ngumu tangu juu hadi chini. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes alibuni mhimili wa usalama ambao sehemu yake hujikunja gari linapogonga, ili usukani usisukumwe kifuani mwa dereva. Hati miliki yake ni ya mwaka 1963, na magari ya W123 yaliyoanza kuuzwa mwaka 1976 yaliupata. W124 yako, iliyofuata baada yake, imejengwa kwa fikra hiyo hiyo. Ukigonga kwa nyundo nzito kwenye kichwa cha bolti, unausukuma kuelekea kule kule ulikotengenezwa ujikunje, na unazipiga beringi zake kwa pigo ambalo hazikutengenezwa kulipokea. Kugonga kidogo kwa nyundo nyepesi ili alenki ikae vizuri kwenye tundu ni sawa, lakini usizidishe hapo.

Joto unalolihitaji utalipata kwenye chuma cha umeme cha kulehemu nyaya, kile kikubwa cha wati 80 au 100 ambacho mafundi redio hukitumia kwenye nyaya nene. Kisimamishe ncha yake ndani ya tundu la bolti, uweke tone la risasi ya kulehemea kati yake na chuma ili joto lipite vizuri, kisha ukiache hapo kwa dakika 10 hivi. Joto hushuka kwenye bolti lenyewe, polepole, na plastiki iliyo sentimita chache pembeni haidhuriki. Weka kitambaa kilicholoa maji kuzunguka kitovu cha usukani kwa usalama. Ukitoa chuma, futa risasi iliyobaki haraka ili alenki iingie mpaka chini, na ugeuze bolti ingali ya moto, maana gundi ikipoa hurudi kushika. Hii ni kazi ya subira. Mara nyingine huhitaji kurudiwa mara 2 au 3.

Alenki yenyewe uliyotumia, ile iliyokunjwa kama herufi L, ukaiongezea bomba, si chombo cha kazi hii. Ikizidiwa hujisokota, ikilalia upande mmoja hugusa pembe za tundu kwa ncha tu badala ya uso mzima, na hapo ndipo pembe sita zinapogeuka kuwa duara. Tafuta soketi ya alenki ya milimita 10, fupi, ya kushikwa na mkono wa soketi wa nusu inchi, na uitafute ya chuma kizuri hata kama bei yake itakuuma. Kabla ya kuitia, safisha tundu kwa msumari mwembamba na brashi. Vumbi lililoshindiliwa chini huizuia soketi isifike mwisho, na milimita 2 za kina zilizopotea zinatosha kuharibu pembe.

Jambo linaloamua kila kitu, hata kuliko joto, ni mahali ambapo nguvu yako inaishia. Ufunguo uwe umegeuzwa hatua ya kwanza ili kufuli liwe wazi kabisa, tairi za mbele zikiwa zimenyooka na gari likiwa chini, si kwenye jeki. Vilevile, usiugeuze usukani mpaka mwisho ili uegemee hapo, kwa sababu utakuwa umeihamisha adhabu kutoka kwenye kufuli kuipeleka kwenye sanduku la usukani na kwenye kiungo laini kilicho chini ya shafti. Nguvu inatakiwa izuiwe na usukani wenyewe, kwa mikono ya mtu. Wengi hudhani haiwezekani, lakini hesabu inaonyesha vingine. Usukani wako una kipenyo cha takriban sentimita 40. Msaidizi akiushika pande mbili, kila mkono kwenye ukingo, nyutonimita 80 humdai kila mkono nguvu ya kama kilo 20. Hata bolti ikidai mara mbili ya hapo kwa sababu ya gundi, ni kilo 40 kila mkono, jambo ambalo mtu mwenye afya analimudu kwa sekunde chache.

Upo ufundi mwingine ninaoupenda zaidi. Uone usukani kama uso wa saa. Elekeza mkono wa soketi, wenye urefu wa nusu mita hivi, kwenye namba 4, na wewe shika ukingo wa usukani kwenye namba 3. Kisha vilete pamoja: mkono wa soketi ukiupandisha, ukingo ukiushusha, kama mtu anayefunga mkasi. Nguvu hizo mbili hukutana na kumalizana ndani ya usukani, na shafti iliyo chini haioni karibu kitu. Msaidizi yeye auzuie usukani upande wa namba 9. Kwenye gari letu la usukani wa kulia, fungua mlango wa dereva upate nafasi ya mkono wa soketi. Ongeza nguvu taratibu, bila kudunda, mpaka uisikie bolti ikiachia. Mara nyingi hutoa mlio mkali kama wa kijiti kilichovunjika, na wengi hushtuka. Hiyo ni gundi inapasuka, na baada yake bolti hugeuka kwa uzito kidogo hadi mwisho.

Na kama msaidizi mwenye nguvu ameshindwa kuzuia, nayo bolti haijasogea? Hiyo ndiyo alama ya kurudi kwenye joto, wala si alama ya kutafuta bomba refu zaidi.

Watu wataniuliza kuhusu bunduki ya kufungulia nati, ile inayopiga mapigo ya haraka. Nitasema ukweli kwamba mafundi hawakubaliani. Wanaoipinga wanahofia mapigo yake kwenye mhimili, na kwenye magari yenye mfuko wa hewa (ule unaofumuka kwenye usukani ajalini) hofu yao ni ya haki kabisa. Wanaoikubali wanasema kwamba kila pigo ni fupi mno kiasi kwamba uzito wa usukani wenyewe, ukishikwa tu kwa mkono, unatosha kulizuia, na kwamba mapigo hupasua gundi vizuri kuliko kuvuta. Kwenye gari lisilo na mfuko wa hewa kama lako, baada ya kupasha joto, na soketi ya aina iliyotengenezwa kwa mapigo, ningeikubali kwa vipindi vya sekunde 2 au 3 kwenye nguvu ndogo. Ningeifanya chaguo la pili, mikono ikishashindwa.

Umesema kifuniko cha honi kilitoka bila shida, na ulipokitoa uliiona bolti moja kwa moja. Hiyo inaniambia kwamba gari lako halina mfuko wa hewa, jambo la kawaida kwa W124 za mwaka wako. Lakini msomaji mwingine atakayelisoma jibu hili na gari la miaka ya baadaye aangalie kwanza kama katikati ya usukani pameandikwa SRS. Kama pameandikwa, mambo yanabadilika. Mfuko hushikwa na skrubu mbili za nyota kutoka nyuma ya usukani, ndani yake mna kilipuzi, na nyuma yake mna mkanda mwembamba wa nyaya uliojizungusha ambao ukigeuzwa usukani ukiwa nje hukatika. Betri huondolewa waya wake wa hasi na kusubiriwa angalau dakika 10, mfuko haupimwi kwa mita ya umeme wala kwa taa ya majaribio, hubebwa uso wake ukiwa umeelekea mbali na mwili, na huwekwa chini uso ukitazama juu. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, mpelekee aliyewahi. Sioni aibu yoyote katika hilo.

Wewe pia ondoa waya wa hasi wa betri, kwa ajili ya honi na swichi. Ila kama bado gari lina redio yake ya asili ya Becker, hakikisha kwanza unayo namba ya siri, kwani baadhi ya redio hizo zikikosa umeme hazirudi kuimba bila namba hiyo.

Bolti ikishalegea, usiitoe yote. Iache ikiwa imeshika kwa mizunguko 3 au 4, kisha piga alama mbili kwa rangi au kwa kikwaruzio, moja kwenye kitovu cha usukani na nyingine kwenye ncha ya shafti, zikitazamana. Sasa uvute usukani kuelekea kwako kwa kuutikisa, mkono wa kushoto ukitangulia, kisha wa kulia. Ukiachia ghafla, bolti itaudaka usije ukakupiga usoni. Hapa, tofauti na kule kwenye hesi, tone la mafuta linasaidia, maana meno ya shafti hayana gundi na yanaweza kuwa na kutu kidogo. Litie jioni, urudi asubuhi. Wenye Toyota za zamani watakuta nati ya spana 19 badala ya bolti, na mara nyingi matundu mawili ya hesi kwenye kitovu kwa ajili ya pula, yaani chombo cha kuuvuta usukani utoke. Wayatumie, kwa kuwa yaliwekwa kwa kazi hiyo.

Itakuwaje kama jana pembe za tundu zilikwisha kuliwa? Kama zimeliwa kidogo, soketi mpya yenye kona kali ikizama hadi chini bado inaweza kushika, hasa baada ya joto. Kama tundu limekuwa duara, inabaki njia ya kukitoboa kichwa cha bolti mpaka kitengane. Njia hii inatisha kuliko ilivyo, kwa sababu kichwa kikishatoka mkazo wote hupotea, usukani huchomoka, na kipande kinachobaki kimeshikwa na gundi peke yake. Kikipashwa joto, hutoka kwa koleo la kubana. Lakini keekee lazima ikae katikati kabisa, na vumbi la chuma likianguka kwenye pete ya honi na kwenye swichi huleta shoti. Keekee ikienda upande ikala hesi za ndani ya shafti, umeingia gharama ya mhimili mzima. Kazi hiyo mpe fundi wa karakana yenye mashine na mikono iliyozoea, na umwambie mapema kwamba hutaki kulehemu nati juu ya bolti kwa mashine ya umeme. Mkondo wa umeme huo hutafuta njia ya kurudi kupitia beringi za usukani na nyaya za gari.

Ukishafika kwenye swichi, unganisha soketi ya nyaya ya ile uliyonunua na uijaribu kabla ya kuifunga. Mkono huo mmoja unabeba indiketa, taa kamili na waipa, na kilichochoka kwenye ya kwako, yaani kule kushika, kinaweza kuwa kimechoka vilevile kwenye ya mitumba. Irudishie waya betri kwa muda, jaribu kila kitu, tena mara nyingi.

Bolti ya zamani usiirudishe. Gundi yake ilikwisha kutumika, na bolti iliyovutwa kwa bomba la mita moja siiamini tena hata kama inaonekana nzima. Ulizia mpya yenye gundi yake kwenye maduka ya vipuri vya Mercedes, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kama Tanga haipatikani; ni kipuri kidogo, na bei yake haiwezi kulinganishwa na kazi inayofanya. Safisha hesi za ndani ya shafti kwa brashi ndogo ya waya na spiriti mpaka pasibaki gundi wala mafuta, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya mafuta, na wewe umemwaga mengi. Linganisha alama zako mbili, rudisha usukani, na ukaze kwa nyutonimita 80 kwa spana ya kipimo (ile inayoonyesha nguvu ya kukaza), ukiuzuia usukani kwa ufundi ule ule wa mkasi, ila sasa ukigeuza upande wa kukaza, kufuli likiwa wazi. Kama huna spana ya kipimo, azima. Hapa si mahali pa kukadiria kwa mkono.

Kuna hali ambazo nisingetaka uendelee peke yako hata kidogo. Ufunguo ukikwama. Bolti mpya ikigeuka bila kukaza, ishara kwamba hesi za shafti zimeliwa. Usukani ukiwa na mchezo wa kupanda na kushuka, au wa kwenda mbele na nyuma, baada ya kila kitu kufungwa. Katika hali yoyote kati ya hizo gari libebwe, lisiendeshwe. Na utakapomchagua fundi, muulize swali moja kabla hajashika spana: usukani atauzuia kwa nini? Akijibu "kwa kufuli", mshukuru, uende kwa mwingine.

Kabla ya kurudisha kifuniko cha honi, chora mstari mmoja wa rangi unaoanzia kwenye kichwa cha bolti na kuendelea hadi kwenye kitovu cha usukani. Piga honi, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, uwashe indiketa na uone kama inajirudisha yenyewe unaponyoosha. Endesha polepole kwenye barabara tupu ya karibu, halafu baada ya wiki moja ukifungue tena kifuniko hicho na uutazame ule mstari. Kama haujakatika, bolti iko pale pale ulipoiacha, na gari la mjomba liko salama mikononi mwako.